Kofia ya Chuma Yenye Ribiti Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kofia nne kabla ya chai. Tatu feki, moja sufuria. Kweli kabisa — sufuria iliyokatwa mpini na kupakwa rangi ya kijani. Mwenyewe anaapa babu yake alipigana nayo. Nimemwambia basi babu yake alikuwa shujaa kuliko tunavyodhani.

Ya tano kaileta mama mmoja wa miaka sabini na kitu, kaifunga kwenye taulo. Kofia ya chuma ya baba yake. Ndani ina duara jeupe la chokaa. Kwa miaka mingi kuku wao walinywea maji humo. Karatasi za jeshi ziliungua pamoja na nyumba. Anataka jina la baba yake lichongwe kwenye ukuta wa makumbusho yetu, pamoja na askari wenzake wa vitani. Sheria ni moja: ulete karatasi, au kifaa nilichokithibitisha mimi. Mchonga mawe anakuja tarehe 13, saa sita mchana. Akishamaliza, ukuta haufunguliwi tena.

Kumbe mtaani, hata binamu zake, walisema baba hakwenda vitani, alijificha kwa shemeji yake, kofia kaiokota. "Nimekua naitwa mtoto wa mtoro," kasema. Hakulia. Nikampa kiti. Alikuwa ameshakalia kingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimeilinganisha na Kielelezo. Hiyo ni kofia iliyo kwenye kabati la kioo ofisini kwangu. Niliithibitisha mwenyewe miaka ishirini na mbili iliyopita, nikiwa bado nina kiuno. Kielelezo kina ribiti nne, ile misumari mifupi bapa inayoshikilia bitana ya ndani. Ya mama ina tatu. Nne ni jeshi, tatu ni karakana ya mtu uchochoroni. Imeandikwa kwenye mwongozo, na mwongozo niliuandika mimi. Ndiyo maana wenzangu huniita Mama Ribiti, wakidhani sisikii.

Nimeipiga picha, nimenakili namba yake, nimeandika: si halisi. Mama kaisoma karatasi mara mbili, kaniuliza, una hakika, mwanangu? Nikasema ninayo, nikamrudishia kofia. Akanishukuru! Wengine hugombana, hupiga meza. Afadhali angegombana.

Mume wangu: mbona umenuna? Sijanuna. Ndivyo uso wangu ulivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Taa mpya imefika, ile ya miale ya zambarau. Nyuzi za kisasa zinang'aa chini yake, za zamani hazing'ai. Nimeijaribu kwenye Kielelezo kwanza, nione kitu cha kweli kinavyoonekana. Uzi wa bitana umewaka mweupe pee.

Taa mbovu. Nimewaandikia wauzaji barua kali, kurasa mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Wauzaji wamejibu kwa adabu: tafadhali jaribu kwenye kitu kingine. Nimejaribu kwenye shati la mkurugenzi, akiwa amelivaa. Limewaka. Nimejaribu kwenye turubai la hema la wakati wa vita, lenye karatasi zake zote. Giza. Taa nzima.

Nikavuta kipande cha uzi wa Kielelezo, nikakichoma kwa kiberiti. Pamba huwa jivu. Hiki kikayeyuka, kikawa kitone kigumu cheusi. Nailoni. Nikajitetea: labda bitana ilishonwa upya. Nikakwangua rangi kwa ndani. Sijawahi kuikwangua. Nani hukwangua Kielelezo? Chini ya rangi kuna namba za kiwanda na mwaka. Miaka kumi na mmoja baada ya vita kwisha.

Nimeshuka stoo, nimefungua kitabu cha vifaa cha jeshi lenyewe. Sijakigusa tangu niandike changu. Mchoro upo wazi: ribiti tatu. Namba niliyoinakili kwenye kofia ya mama inaangukia palepale panapotakiwa.

Nimekataa ngapi za ribiti tatu? Nimehesabu hadi kumi na tisa, nikafunga jalada. Nimelia chooni. Nikanawa uso, nikarudi kupokea mtu na beji zake.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza mkurugenzi. Kafunga mlango, kafunga na dirisha. Kasema tuyaache hadi baada ya sherehe ya ukuta. Nikasema baada ya sherehe jiwe limeshafungwa. Kasema hata hivyo, hawezi kufuta ripoti yangu kwa picha tu. Kofia yenyewe iwe mezani. "Sheria yako hiyo, dada." Ni kweli, ipo ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Nimeipigia na mstari.

Basi niilete kabla mchonga mawe hajaanza.

Mume wangu: mfuate mama wa watu. Nikasema naona haya. Kasema nenda nazo hizo haya zako, hakuna atakayekubebea.

Jumatano, 12 Machi

Nimezunguka mtaa mzima, nyumba nimeipata karibu na jioni. Nimeyasema yote nikiwa bado mlangoni, nisije nikaghairi. Mama, nilikosea. Kofia ni ya kweli. Baba yako hakudanganya.

Kakaa chini. Kaniambia nirudie. Nikarudia.

Halafu kasema kofia haipo. Jumapili aliwaendea binamu zake, walewale waliomwita mtoto wa mtoro, akawaambia mlikuwa sahihi, mtaalamu kathibitisha. Akawaomba radhi! Miaka yote hiyo amebishana nao, halafu akaomba radhi kwa sababu ya karatasi yangu. Juzi kampa kofia mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. "Sikutaka kuiona tena," kasema.

Kanikaribisha chai. Nimekunywa. Sijui hata kama ilikuwa na sukari. Yadi ya chakavu ilikuwa imeshafungwa. Kesho wanafungua saa moja; mama kasema tutakwenda wote.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na nusu. Naandika nimekaa juu ya pipa, nikipumzisha mgongo. Mnyapara kasema shehena ya Jumatatu nusu yake imeshabanwa. Kanionyesha vibonge, vimepangwa vizuri kabisa. Nusu nyingine ni lundo hili, refu kuliko ofisi yangu. Sufuria, vitanda, rimu za baiskeli, sufuria tena. Nimekatwa vidole viwili. Mkurugenzi kapiga simu mara tatu, sijapokea.

Saa tano na robo. Mama kaniuliza, hivi ukiiona utaijua? Nimetazama nilichoshika: sufuria. Kasema basi wewe uwe unachomoa unanipa, mimi nitaijua.

Kavuta ndoo, kakaa. Nampa kimojakimoja. Anashika, anapapasa kwa ndani, anaweka pembeni. Mnyapara anataka tusogee, mashine ya kubana inawashwa. Nimemwambia asubiri. Kasema hasubiri. Mama ananyoosha mkono, anataka kingine.