Baba, Mama Hasaini

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako usijisumbue kuituma.

Juzi ulinipigia kwa namba ngeni kutoka huko ulikojificha, ng'ambo ya Ruvuma, ukaniomba nimshawishi mama asaini karatasi za mkopeshaji "ili yaishe". Simu ikakatika kabla sijakujibu. Nakujibu hadharani, hapa gazetini, kwa sababu Masasi na Newala wapo akina baba wengine wenye akili kama yako.

Unakumbuka tulivyoijenga ile nyumba ya Mkomaindo? Wewe ulifyatua tofali, mama akabeba maji kutoka bondeni, mimi nikakanyaga udongo. Ulikuwa ukiimba Kimakonde kwa sauti mbaya, naye anakucheka. Jioni ulimwita: "Mama Zuhura, njoo uone ukuta wako." Ulimwita kwa jina langu, na ukasema ukuta ni wake. Nilikuwepo.

Kisha ukaingia kwenye kangomba. Ukanunua korosho za wenzako zikiwa bado maua, kwa bei ya kumnyonya mwenye njaa, na mtaji wa unyonyaji huo ukaupata kwa kuweka nyumba rehani. Ugonjwa wa ubwiri ulipounguza maua, ukashindwa kulipa, ukavuka mto. Dalali alikuja kubandika tangazo la mnada mlangoni, mama akiwa ndani anachambua choroko.

Nimeripoti kesi za ardhi miaka mingi, kwa hiyo sikumdanganya mama kwa maneno matamu. Nilimwambia baraza la ardhi halizuii mnada kwa sababu mtu analia. Aliyekopa akishindwa kulipa, na notisi zote za kisheria akapewa, nyumba inauzwa. Baraza huzuia pale penye hoja ya kweli ya kuamuliwa: labda notisi haikutolewa, au mwenza anayeishi humo hakuridhia rehani. Hata hapo hupima kama hasara yake inaweza kufidiwa kwa fedha, na nani ataumia zaidi mnada ukisubiri au usiposubiri.

Mama aliuliza jambo moja tu: "Kwani aliyeridhia ni nani?"

Jibu tulilipata barazani, mama alipoomba mnada uzuiwe. Alisaini mke wako mdogo wa Newala, akiandikwa kuwa anaishi Mkomaindo, nyumba ambayo hajalala hata usiku mmoja. Mwenyewe alikiri hivyo kwa kiapo, amekuzidi heshima. Afisa mikopo naye akaulizwa kama alifika kukagua. Alifika, alisema, na mama mmoja alimkaribisha maji. Hakumuuliza ni nani?

"Mkopaji aliniambia ni dada yake."

Mama akasimama bila kuitwa. "Dada? Haya, aulizwe basi. Wale watoto sita huyo dada alizaa na nani, au aliwaokota mikoroshoni?"

"Mama, kaa," mwenyekiti wa baraza alimwambia.

"Nimekaa, mheshimiwa. Dada wa watu nimekaa."

Hata karani alicheka. Afisa yule alikunywa maji ya mama chini ya picha ya harusi yenu, akarudi ofisini kuandika "dada". Katika kazi yangu nimekutana na uvivu mwingi, lakini ule ulivaa tai.

Mnada umezuiwa hadi kesi ya msingi isikilizwe. Kuzuiwa si kushinda: deni lipo, na tukishindwa mama anatoka. Ndiyo maana wakili wa mkopeshaji alimfuata nje, mpole kama mshenga. "Mama, saini tu kwamba uliridhia, sisi tutakuongezea muda." Saini hiyo ndicho kitu wanachokosa. Akiitoa, kesi yake imekufa. Hilo ulilijua ulipopiga simu, na bado ulipiga.

Ujumbe wako nilimfikishia, neno kwa neno, kama ninavyofikisha habari yoyote. Hakuinua hata sauti.

"Mwambie baba yako, alipotaka mke wa kusaini alimpata Newala. Basi saini nyingine akaitafute huko huko."

Kesi ikianza utaitwa kutoa ushahidi. Kumdanganya mkopeshaji kuhusu mke ni kosa la jinai, kwa hiyo sitarajii kukuona.

Kaa salama huko ulikokimbilia. Sisi tunakaa kwetu, kwa amri ya baraza.

Binti yako wa kwanza,
kwa mke wako wa kwanza