Otieno Asiningoje Tena

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Musoma, kile ulichotulelea nacho, nikijua mdogo wangu Otieno ndiye atakayekusomea na Baba atakuwa kando akisikiliza. Kifua chako kimepoa? Miguu ya Baba je? Mimi nipo tu. Nakula, nalala, naenda kazini. Baridi ya huku Uholanzi hutia ganzi vidoleni, na ganzi yangu imeingia mpaka ndani ikakaa.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, nikakwepa. Tunajenga mfano wa ziwa letu ndani ya kompyuta, kwa kanuni za maneno ya kawaida. Kama upepo ni mkali kiasi na maji yamekuwa kijani kidogo, omena, wale dagaa wetu, watakuwa haba. Omena wakiwa haba, vijana kadhaa wa Muhuru Bay wataenda Macalder kuchimba dhahabu. Wakichimba sana, tope litateremka mtoni, maji yachafuke zaidi, na omena wapungue tena. Kila kanuni inalisha nyingine mpaka zinakuwa wavu mmoja. Humo hakuna ndiyo wala hapana. Maji huwa machafu kiasi na safi kiasi, yote kwa pamoja. Kanuni kadhaa nilizitoa kwako, ulivyokuwa ukianika omena, ukitazama wingu na kusema, "Leo watakauka, lakini si sana."

Nimezoea hesabu hiyo hadi nawajibu nyinyi vivyo hivyo. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake, na Baba ndiye anayechimba shimo la nguzo ya kwanza. Otieno ana mchumba Mbita na hana nyumba ya kumleta. Akaniuliza, "Brathe, sema tu. Unakuja kujenga ama huji? Siwezi kukupita." Nikamjibu, "Nitakuja, karibu karibu." Nanyi mkasikia ndiyo. Otieno akakata miti, mchwa wakaila. Baba akatenga jogoo wa kulala ndani ya nyumba yangu mpya usiku wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Jogoo akazeeka, mkamla, akatengwa mwingine, naye akaishia sufuriani. Sasa mnafuga wa tatu. Juzi Baba akaniambia, "Nyathina, mwanangu, mikono bado inashika jembe. Lakini si kama zamani."

Wiki hii msimamizi wetu alisimama nyuma ya kiti changu. "Karibu-karibu zako ni nzuri," akasema, "lakini mwisho wa wavu lazima itoke namba moja. Mvuvi hawezi kwenda ziwani nusu." Wenzangu wakacheka, nikacheka nao. Nilipofika chumbani nikajiuliza kama nataka kuja. Nilitafuta hamu ya kurudi, sikuipata. Nikatafuta hamu ya kubaki, nayo haikuwepo. Likizo ningepewa, nauli ninayo. Hakuna kinachonizuia, Mama, na ningeogopa kama bado ningekuwa na nguvu ya kuogopa.

Basi jibu ni moja: siji. Otieno, hapo soma vizuri, usiruke mstari. Mimi mkubwa wako nimesema unipite. Baba akuchimbie shimo la nguzo wakati mikono bado inashika, na jogoo huyo alale kwako. Wazee wakiuliza, waambieni ni neno langu mwenyewe, na lawama ni yangu.

Nisalimieni shangazi anayekusaidia kuanika, na mchungaji wetu wa Sabato, asiache kuniombea. Msalimieni pia binti wa Mbita. Sasa naweza kumwita shemeji.

Jambo moja tu, Mama. Pale kulia kwa lango, mahali pa nyumba yangu mimi mkubwa, msipande mahindi. Sijui kwa nini naomba hivyo. Acheni nyasi tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Odhiambo