Kigae Kimoja Kilichopungua

Dada, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, na Baba yuko koridoni anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shikamoo kwanza. Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila nyumbani sina wa kucheka naye.

Leo kimepungua kigae. Vilinunuliwa vya chumba, nane kwa nane, kamili. Halafu mwenye nyumba, huyu aliyetupa kazi, akageuza maneno, akataka tuvitandike koridoni, tano kwa kumi na tatu. Unamjua Baba, jicho lake ndilo futi yake. Akasema ni vilevile tu. Tumefika mlangoni, pengo! Baba akasema nimevunja nikaficha. Mwenye nyumba naye akauliza kama huwa ninakula vigae.

Mdomo wangu unaujua. Lakini nikakumbuka zile namba zako, kila moja mtoto wa mbili zilizoitangulia ukizijumlisha. Nikachora sanduku kwa chaki: juu tano na nane, chini nane na kumi na tatu. Nikazidisha kona kwa kona. Huku sitini na tano, huku sitini na nne. Nikamwambia Baba hakuna aliyeiba, hii ni ile moja ya Dada, inayojitokeza kila sanduku.

Tangu mgombane ukaenda kusoma, jina lako hatulitaji. Nikajua nimekwisha. Kumbe akachuchumaa, akauliza kama masanduku mengine nayo yanatoa moja. Nikamwonyesha ulivyonionyesha: safu ya chini toa ya juu, inabaki tatu na tano, ipandishe juu ya tano na nane, umerudi sanduku la nyuma. Kinachogeuka ni alama tu, mara moja inazidi, mara inapungua. Akauliza inaisha lini. Nikasema Dada anasema haiishi.

Sasa nikwambie ninaloliona siku zote. Kila tukipaka rangi chumba chako, Baba anaruka kipande cha nyuma ya mlango, penye masanduku uliyoyachora kwa chaki. Nilidhani ni uvivu. Leo ameniuliza, macho kayatupa pembeni, kama ukiitwa uje umweleze yale ya mlangoni, utakuja. Nimechukua karatasi hii nikaanza kukuandikia. Njoo, Dada.

Wasalimie unaokaa nao. Naondoka, Baba amenituma dukani nikalete hicho kimoja kabla saruji haijashika. Ameongeza kwamba nikipita posta, nisirudi na karatasi hiyo mfukoni.

Mdogo wako,
Bubu