Neno Ulilofungia Mitihani

Baba,

Udongo wa kaburi lako haujakauka na mimi nimeshakukasirikia. Nakwambia wewe mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kulaumu.

Mitihani yote ya muhula imo ndani ya hii kompyuta uliyoleta ukisema taipureta imezeeka, na hatuna jinsi ya kuitoa. Walimu wakuu wanasimama mlangoni pa duka letu la uchapaji hapa mjini Wote, wananipa pole ya msiba, halafu papo hapo wananiuliza karatasi ziko wapi. Yule wa Kikima ameapa kwamba wanafunzi wake wakikosa mtihani Jumatatu, hatatuletea kazi tena, na wenzake watamfuata. Duka ndilo linalotulisha, Baba. Unajua.

Ulinifundisha kuchapa, kupanga kurasa, hata kutengeneza printa ikikwama. Lakini neno la siri la kufungulia mitihani ulininyima. "Mwiitu wakwa, binti yangu, mtihani ukijulikana na wawili, darasa lote limeshajua," ulisema, ukageuza kiti nisione vidole vyako. Siku hiyo nilicheka.

Nimejaribu jina la Mama. Nimejaribu majina ya ng'ombe wako wote, mto, kanisa, hata Kanyangi ulikozaliwa. Mashine inakataa tu. Nilipiga meza hadi chai ikamwagika.

Hapo niliiacha barua hii, na leo naiendeleza. Jana jioni Kyalo, mwanao na mume wangu, alisimama nje akimwita mtoto wetu aje kuoga. Alimwita kwa jina lake, yaani jina lako, kama anavyomwita kila siku. Mimi sijawahi kulitamka. Nthoni yetu, ile heshima ya ukweni, hairuhusu mke kutaja jina la baba mkwe, ndiyo sababu hata mtoto mwenyewe namwita Baba. Katika majina yote niliyojaribu, hilo halikunijia hata mara moja. Na wewe ulijua halitanijia. Ulitafuta mahali ambapo mkamwana wako hawezi kukanyaga, ukafungia hapo.

Sikuligusa. Nilimwita Kyalo, ambaye hata kuwasha mashine hajui, nikamketisha. Alilichapa kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mimi nikiwa nimegeukia ukuta.

"Imefunguka," akasema. "Sasa mbona unalia?"

Nililia kwa hasira, Baba. Na nililia kwa sababu umekufa, na tangu mazishi sikuwa nimepata nafasi.

Karatasi zimeshatoka, yule wa Kikima amechukua zake. Neno nimelibadilisha, maana lile lako hata watoto wa jirani wanalipigia kelele uani. Jipya tunalijua mimi na Kyalo, basi. Ulifanya vizuri kulificha. Kwenda nalo, hapana.

Lala salama. Nakuahidi, siku yangu ikifika sitakuja huko nimebeba funguo za watu. Na jina lako, hata leo ninapokuandikia, sijaliandika.