Mama Yako Ametoa Hata Mlango

Nyumbani kwa mama yako,
Chumba cha mbele,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Unanijua, siwezi kuanza somo kabla darasa zima halijakaa. Kwa hiyo nakujulia hali kwanza, ingawa mkono wangu unataka kukimbilia kwenye jambo lenyewe. Hujambo? Kazi ya kuchomelea vyuma inakwendaje, na macho unayakinga? Mkeo naye hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukimsumbua umempa nafuu? Nawaombea ninyi wawili kila asubuhi kabla sijaomba kitu kingine chochote.

Mimi ni mzima kwa kipimo cha wazee. Goti la kushoto limegoma na la kulia linafikiria kuliunga mkono. Mama yako si mzima. Nakuambia mapema usije ukapekua ukurasa mzima kulitafuta. Ni mapafu. Daktari alimsikiliza kifua, akanivuta kando, akasema kama ana mtoto aliye mbali, aitwe. Na mtoto wake ni wewe peke yako.

Nimepiga simu mpaka nimekariri sauti ya yule dada anayesema namba haipatikani. Mwishowe nimenakili anwani iliyo juu ya vifurushi unavyomtumia mama yako. Sina njia nyingine ya kukufikia, na sijui barua hii itachukua muda gani njiani, wala mama yako ana muda gani.

Sasa nikueleze alivyofika hapa, maana ukisikia nusu utadhani ni uzee tu.

Sitaki kutonesha kidonda chenu, lakini jambo lazima lisemwe lilivyo. Siku ile makaburini mlikuwa mmemshusha mtoto wenu ardhini, mkeo hata nguvu hazijamrudia baada ya kujifungua, na mama yako akasema mbele ya waombolezaji kwamba Mungu amemchukua mtoto kwa kuwa mlimzaa kabla ya kufunga ndoa. Nilikuwa nimesimama nyuma yenu. Niliuona uso wa mkeo ulivyobadilika. Mkaondoka siku hiyo hiyo. Sikuwalaumu wakati ule, na leo pia siwalaumu.

Kwa muda mrefu mama yako alilitetea neno lile. Ukimgusa juu yake, anakutolea aya. Kisha Jumapili moja, katikati ya wimbo, alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Tulipotoka akaniambia, "Kaka, nimemwacha Mungu mahali fulani huko nyuma. Lazima nirudi." Nilifurahi sana. Nilidhani sasa atakutafuta. Kumbe akaanza kugawa vitu.

Alianza na cherehani, ile ile iliyokusomesha. Akampa binti wa jirani anayejifunza ushonaji. Godoro likaenda kwa mlinzi wa kanisa. Sufuria zikaenda kwa mjane wa fundi rangi, zote, hata ile yenye mpini uliofungwa waya. Unielewe vizuri hapo. Kutoa ni kwema, na waliopewa walikuwa na shida kweli. Yule binti sasa anashona sare za shule na wadogo zake wanakula. Sisemi alikosea kutoa. Nasema kila alipotoa, alirudi nyumbani na uso mzito kuliko alivyotoka, akiniuliza, "Mbona bado simsikii? Nimebakiza nini?"

Alikuwa amebakiza mlango. Mwezi uliopita mchungaji wetu, kijana mpole ambaye hata mbuzi huwapisha njia, alikuja kwangu mbio.

"Mzee, mama ameleta mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba yake. Wa mbele. Anasema ni wa darasa la watoto pale kanisani. Mzee, nitaupokeaje?"

Nilipofika nilimkuta seremala akiokota skrubu za bawaba. Akaniambia, "Nimeng'oa milango ya magofu mengi, lakini leo ni mara ya kwanza mwenye nyumba ananishikia ngazi huku anaimba." Jirani wa upande wa kushoto, yule muuza mkaa asiyejua kunong'ona, akapaza sauti juu ya ukuta: "Mwalimu! Dada yako amehama akiwa ndani!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka pia.

Hatukujua tunacheka nini. Mchungaji aliurudisha mlango, mama yako akaupeleka tena. Nikatundika pazia zito mahali pake, mvua ikapita kama pazia halipo. Alikuwa analala sakafuni juu ya mkeka. Kikohozi kikaanza, kikashuka kifuani, kikakaa. Sasa mlango umerudishwa kwa nguvu, nami nimehamia hapa, lakini baridi iliyokwisha kuingia haijatoka.

Nimejaribu kumweleza, kama ninavyojaribu kumweleza kila mtu kila kitu. Nilimwambia kujuta na kutubu ni vitu viwili. Anayejuta huumia pale pale alipo. Anayetubu hugeuka akatembea, na mwendo wake una mahali pa kufika. Tena tuliagizwa waziwazi: umekuja na sadaka yako, umekumbuka kuna mtu uliyemkosea, basi iweke chini, nenda ukapatane naye, ndipo urudi utoe. Hilo halina fumbo. Hata darasa la kwanza wangelielewa.

"Umempa Mungu kila kitu," nikamwambia, "isipokuwa ile safari moja aliyokutuma."

Akageukia ukutani. "Kaka, acha ualimu."

"Mimi nimestaafu. Ualimu wenyewe umekataa kustaafu."

"Mungu ana huruma," akasema. "Mwanangu hana sababu ya kunihurumia."

"Kwa hiyo unamkimbilia Mungu ili umkwepe mwanao?"

 Supu ya jioni aliipokea bila kunigeukia.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulijua. Vifurushi vyako vyote viko hapa, vimepangwa kando ya mkeka wake, na hajafungua hata kimoja. Usije ukadhani ni dharau. Hivyo ndivyo vitu pekee ambavyo hakumgawia mtu. Cha juu kabisa ni laini. Nimekibonyeza, nadhani ni blanketi. Siku ile homa ilipopanda alikuwa anatetemeka meno yanagongana, nikachukua kisu nikate kamba. Akakivuta kwa mikono yote miwili, wala sikujua bado ana nguvu zile. "Acha! Hiki ametumiwa mama yake. Mimi nilijitoa umama kwa mdomo wangu mwenyewe." Nikamfunika kwa koti langu. Ananiumiza, mpwa wangu. Mtu anagandishwa na baridi huku amelikumbatia blanketi, nami msomi mzima nimesimama juu yake na kisu mkononi, sijui la kufanya.

Na wewe nikuseme kidogo, kwa haki ya mjomba. Unatuma vitu, mwaka hadi mwaka, na juu ya kifurushi hakuna hata neno la salamu. Yeye huku anatoa vitu. Mmefanana kuliko mnavyopenda kukubali: mikono yenu iko wazi na midomo yenu imefungwa. Nimemwambia yeye kwamba Mungu hahitaji mlango wake. Wewe nakuambia kwamba mama yako hahitaji kifurushi kingine.

Sikuagizi umsamehe. Hilo nataka lieleweke, maana wazee wa familia tuna tabia ya kumpa aliyeumizwa kazi ya kumponya aliyemuumiza. Wenye kidonda ni wewe na mkeo, na hakuna mwenye ruhusa ya kuwaharakisha. Ninachoomba ni kidogo, na ni kikubwa: njoo umsikie. Ukishamsikia, ukitaka kusema hapana, sema. Lakini iseme mbele yake, angali na masikio ya kuipokea. Usiniachie mimi kuisema juu ya kaburi. Nakupigia magoti yote mawili, hata hili lililogoma.

Wala usidhani namtumia mama yako kukutisha, au Mungu. Tumeona Mungu akitumiwa hivyo makaburini, inatosha.

Jana jioni alibadilika kidogo. Alikuwa amelala kimya nikidhani amesinzia, mara akasema, "Niandikie, kaka. Mwambie nimekosa." Nikakataa. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Mtu anahesabiwa pumzi, anaomba aandikiwe neno moja, na kaka yake aliyeandika maisha yake yote anamnyima kalamu. Lakini siwezi kutubu kwa niaba yake, kama nisivyoweza kumeza dawa kwa niaba yake. Ningeliandika mimi, ungelipokea kama maneno mengine ya mjomba, likiwa na mkato na nukta mahali pake, na yeye angebaki pale pale alipo.

Alikasirika sana. Alisema hata akifa atanisikia ninafundisha. Nikamwambia ndiyo, na atajibu maswali. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma, nikaogopa kwamba nimemuua dada yangu kwa mzaha na kanuni. Nikaomba, wala si kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Baba, usimchukue dada yangu kabla hajafika kwenye toba, kwa sababu anakuja, naona anakuja.

Leo asubuhi ameamka akaniomba kalamu.

Kwa hiyo mimi naishia hapa, nimwachie sehemu ya chini ya karatasi. Akiandika, utaona. Mkono ukimshinda, utapokea karatasi tupu, nami nitaituma hivyo hivyo. Nakusihi uje hata kwa hiyo karatasi tupu. Namba ya simu ya mchungaji nimeiandika nyuma ya bahasha. Simu yake iko wazi kila saa.

Mkaza mjomba wako anawasalimu sana. Yuko jikoni anachemsha maji, hajakaa chini tangu wiki iliyopita. Binamu yako dereva anakusalimu, anasema mkishuka kituoni saa yoyote ile yeye atakuwa amefika kabla yenu. Mchungaji anawasalimu. Muuza mkaa naye anakusalimu, na kwa sauti aliyotumia nadhani salamu hiyo ilikufikia kabla ya barua.

Mungu awafungulie njia wewe na mkeo, awape moyo wa kusikia hata kama hautakuwa moyo wa kukubali, na amtunze mtoto wenu kule aliko.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukungoja.


Mwanangu,

Kaka amenishikia karatasi isiteleze. Amegeuza uso ukutani, anasema hasomi.

Siku ile Mungu hakuniambia kitu. Niliona aibu kwa watu wa kanisa, nikashikwa na hasira, nikasema yangu, nikaweka jina lake. Nilimsingizia Mungu mbele ya jeneza la mtoto. Mjukuu wangu aliugua akafa. Hakufa kwa dhambi ya mtu.

Nimekosa. Nimetafuta kitu cha kukupa pamoja na neno hili, sina.

Mwambie mkeo nataka kumwomba msamaha yeye kwanza, kabla yako wewe, maana yeye ndiye aliyembeba. Mwambie namngoja. Najikaza.