Neno la Toba

Ijumaa, jioni

Na neno lenyewe halikuja. Kwenye mazoezi ya ibada ya Jumapili, Mchungaji alitamka "toba", akasubiri nitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Sadaka na madhabahu nilivikumbuka, toba, hapana.

"Mwalimu, labda huna dhambi!" akasema, watu wakacheka.

Mimi naogopa. Juzi nilisahau jina la mjukuu wangu.

Neno limerudi wakati nafunga zizi: repentance. Nimeliandika kiganjani, na jikoni mke wangu ameuona wino.

"Baba Masanja, unaibia mtihani uzeeni?"

Nikamjibu ni la mahubiri tu, nikatoka nje. Miaka yote niliwaeleza wanafunzi kwamba toba si kujuta tu, ni kugeuka. Nimerudi jikoni.

"Mama Masanja, nasahau maneno. Hata majina."

Amezima redio, akanisogezea kigoda.