Uzito wa Sami na Ombi la Chakula Kibichi katika Skuli ya Kilua

KAMATI YA WAZAZI, SKULI YA MAANDALIZI KILUA
MKUNAZINI, MJI MKONGWE, UNGUJA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, katika darasa la watoto wadogo. Wajumbe walikalia viti vya watoto kwa kuwa vya wakubwa viliazimwa harusini na havijarudi.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Machano – Mwenyekiti. Fundi wa kanzu, duka lake linaelekeana na lango la skuli
2. Bi Shariffa Sleiman – Katibu. Bibi yake Sami, mwanafunzi
3. Mwalimu Nadra – Mwalimu Mkuu
4. Bi Hind – Mjumbe; mama yake Sami na mleta ombi

WAALIKWA
5. Bi Kidawa – mpishi wa skuli
6. Bi Sumaiya – muuguzi wa kliniki ya watoto, mkaazi wa Jang'ombe

HAKUHUDHURIA
Bw. Hamed – Mjumbe. Baba yake Sami, mume wa Bi Hind na mtoto wa Katibu. Alitoa udhuru kwamba ana shughuli Bububu. Shughuli yenyewe hakuitaja, na mama yake anamjua.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na dakika ishirini badala ya saa nne kamili, kwa kuwa kiti cha kwanza alichokikalia kilivunjika. Baada ya Fatiha aliwaomba wajumbe wazungumze kwa adabu, wasikatizane, na wasisemane kwa mafumbo. Alipotaja mafumbo alimtazama Katibu. Katibu hakujua kwa nini.

Katibu alitamka mapema kwamba yeye ni bibi yake mtoto atakayezungumzwa na ni mama mkwe wa mleta ombi, isije ikasemwa baadaye kuwa kumbukumbu zimependelea. Mwalimu Nadra alisema hilo linajulikana hadi Darajani, kikao kiendelee.

KUMB. NA. 2/11/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Bi Kidawa aliomba iondolewe sentensi isemayo kwamba "uji wa siku hiyo uliungua kwa sababu mpishi alikuwa kwenye simu." Katibu alieleza kuwa kilichoandikwa kimeandikwa. Mwenyekiti aliamua neno "simu" libadilishwe liwe "shughuli". Katibu amelibadilisha, kwa kalamu ya rangi nyingine. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/11/2024: OMBI LA BI HIND

Bi Hind aliomba kwamba kuanzia Januari uji wa asubuhi na chakula cha mchana visitishwe, na watoto wote arubaini wapewe vyakula visivyopita motoni: matunda, mboga mbichi, nazi, korosho mbichi zilizosagwa na nafaka zilizochipuzwa. Maziwa, mayai, samaki na nyama visiwepo kabisa. Alikuja na bakuli la mfano lenye tango, tungule, embe bivu na choroko zilizoota mikia. Wajumbe walionja. Mwenyekiti alilisifu embe. Kuhusu choroko hakusema kitu, ila alizitafuna kwa muda mrefu na kwa muda huo kikao hakikuwa na mwenyekiti.

Alipoulizwa sababu, Bi Hind alieleza kwamba mama yake, marehemu Bi Biasha, alikatwa mguu kwa maradhi ya sukari, na yeye ndiye aliyemuuguza miaka minne. Alisema: "Nikiona mtoto anatiliwa sukari kwenye uji, mie namwona mama kitandani." Katibu anakiri kwamba maneno haya yalimchoma, kwani marehemu alikuwa shoga yake na walipika pamoja katika harusi ya watoto wao. Sukari waliyotia siku hiyo haikupimwa.

Bi Kidawa aliuliza, huo moto ukizimwa, yeye atafanya kazi gani. Bi Hind alimjibu kuwa atakata matunda na matango. Bi Kidawa alisema kwamba amesimama mbele ya jiko la skuli hii miaka kumi na tisa na hakusimama ili amalizie kwenye matango. Mwenyekiti alimwomba amalize hoja yake. Alisema ameshaimaliza.

Kwa ushahidi, Bi Hind alimtaja mwanawe. Alikumbusha kwamba tangu Septemba ya mwaka jana Sami hajala kitu kilichopikwa, na kwamba Januari, alipomleta skuli, aliandika barua mtoto asipewe chochote isipokuwa kilichomo katika mkebe wake. Akasema basi na wamtazame. Sami, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu, wakati huo alikuwa uani anamfukuza paka. Wajumbe walitazama dirishani na inaingizwa hapa kwamba mtoto ana mashavu, ana mbio, na paka alichoka kabla yake. Baada ya kumtazama mtoto, Mwenyekiti, Mwalimu Nadra, Bi Kidawa na Katibu walitazama sakafu.

Kwa kuwa hakuna aliyetoa hoja ya kupinga ushahidi huo, Mwenyekiti alitaka kura ipigwe. Mkono wa Mwalimu Nadra ulishapanda, na wa Katibu ulikuwa njiani, Bi Sumaiya alipoomba kwanza aione kadi ya kliniki ya mtoto.

KUMB. NA. 4/11/2024: KADI YA KLINIKI

Bi Sumaiya alisema hagombani na matunda wala mboga, na watoto wengi wa mjini wanavipata kidogo kuliko inavyofaa. Lakini mtoto mdogo tumbo lake ni dogo na mwili wake unajenga. Tango humjaza kabla halijamshibisha. Anahitaji mafuta, madini ya chuma na vyakula vya kujenga mwili, na ipo vitamini iitwayo B12 ambayo mimea haina. Alisema yeye hawezi kumshauri mzazi amweke mtoto wa umri huu kwenye chakula kibichi kitupu, seuze watoto arubaini wa watu.

Bi Hind alimkabidhi kadi bila wasiwasi wowote. Bi Sumaiya aliisoma kwa sauti. Septemba mwaka jana, kilo 12.6. Desemba, kilo 12.1. Kuanzia hapo mstari unapanda kila mwezi hadi kilo 14.8 mwezi uliopita. Alisema ile miezi mitatu ya kushuka haimshangazi, ni hii ya kupanda asiyoielewa, kwa sababu chakula ni kile kile. Akauliza Januari kulitokea nini.

Mwalimu Nadra alijibu kwamba Januari ndipo Sami alipoanza skuli. Kisha akashika mdomo.

KUMB. NA. 5/11/2024: MAELEZO YA WAJUMBE

Ajenda hii haikuwemo katika barua ya mwaliko. Katibu ameiongeza kwa dharura.

Bi Kidawa alianza, bila kuulizwa. Alieleza kwamba wiki ya kwanza mtoto alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, akawa anamtazama akikoroga. "Hakuomba. Alitazama tu. Mtoto akutazame na chakula usimpe, wewe tonge litakupita? Nikampa kijiko kimoja." Mwenyekiti aliuliza kijiko hicho kimoja ni mara ngapi. Alijibu kila siku. Aliulizwa ni kijiko cha namna gani, akasema ni upawa.

Mwalimu Nadra alieleza kwamba yeye hufungua kinywa kwa yai la kuchemsha wakati wa mapumziko, na kwa miezi kumi nusu ya yai hilo imekuwa ya Sami. Alikiri barua ya mzazi aliisoma, akaipigia muhuri, akaiweka kwenye faili. Alidhani ni yeye peke yake anayeivunja.

Mwenyekiti aliuliza nani ataongoza kikao wakati yeye akitoa maelezo. Aliambiwa aseme hapo hapo alipo. Alieleza kwamba kila asubuhi hukaa barazani kwake na chai na samaki changu wa kukaanga, na mtoto hupita kuingia skuli, na kumwambia mtoto karibu halafu usimpe ni aibu. Aliongeza kwamba barua iliandikwa kwa skuli na duka lake si skuli. Utetezi huu haukukubaliwa.

Bi Sumaiya alihesabu kwa vidole, akasema kufikia saa nne na nusu ya asubuhi mtoto huyu ameshafungua kinywa mara tatu, mbali na mkebe wake. Kila mmoja alitoa kidogo, akiamini kwamba ni yeye tu.

Bi Hind hakusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Katibu aliusubiri mshindo huo akiwa ameinamia daftari, anaandika maneno ambayo hayakuwa na haja ya kuandikwa. Kisha Bi Hind akasema: "Na wewe, mama? Andika na yako."

Katibu anaandika. Kila alasiri, baada ya kumchukua Sami na kabla mama yake hajarudi kutoka kazini, alimpa supu ya kuku na mkate wa boflo. Aliosha bakuli, akampangusa mtoto mdomo, na akamfunza kwamba akiulizwa kwa bibi amekula nini, aseme tango. Sababu anayo: Desemba alimshika mtoto mkono akakuta mfupa, akaogopa. Lakini sababu hiyo hakumwambia mkaza mwanawe, ingawa nyumba ni moja na ngazi ni moja. Aliona ni rahisi zaidi kupika supu kuliko kusema. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Katibu imeishia kwenye kiti cha mtoto, mbele ya mpishi ambaye Katibu mwenyewe alimwandika kwa ajili ya simu. Katibu aliona haya, na haya hiyo anaiingiza humu kwa kuwa mambo ya wenzake ameyaingiza.

Bi Hind alisema: "Kumlisha nitasamehe. Lakini mmemfunza mwanangu kunificha."



KUMB. NA. 6/11/2024: KUITWA KWA SAMI

Bi Hind aliomba mtoto aitwe. Aliitika naam, akaja na manyoya ya paka kwenye shati. Mama yake alimkalisha mbele yake, akamuuliza kwa upole, katika vyakula vyote ulimwenguni, anapenda nini zaidi. Sami alimtazama kwanza bibi yake. Kisha akajibu: "Tango."

Hakuna aliyecheka. Katibu aliiweka kalamu chini, na yanayofuata ameyaandika baadaye kwa kukumbuka. Alimwambia: "Sema kweli, mjukuu wangu. Bibi alikosea."

Sami aliuliza kama aseme yote. Aliambiwa yote. Akahesabu: uji wa Bi Kidawa, yai la mwalimu, samaki wa babu Machano, supu ya bibi. Kidole cha tano alikishika kwa muda, akamsogelea mama yake. "Na mishikaki ya baba, Forodhani, siku ya Ijumaa. Lakini hiyo siri."

Ndipo ilipofahamika kwa nini Bw. Hamed ana shughuli Bububu.

Bi Hind alicheka, na kwa kuwa alianza yeye, wajumbe wote walicheka, na kiti cha pili kilivunjika, cha Bi Kidawa. Ilichukua muda kutambua kwamba Bi Hind ameshaacha kucheka na kwamba machozi yale si ya kicheko. Alisema: "Mji mzima umemshibisha mwanangu, isipokuwa mie."

KUMB. NA. 7/11/2024: MAAMUZI

Bi Hind aliliondoa ombi lake. Mwenyekiti alikataa liondolewe lote, akisema kuhusu sukari mama huyu amesema kweli na embe lilikuwa embe. Ilikubaliwa kwamba uji ubaki, sukari itoke, utiwe tende. Kila siku liwepo bakuli la matunda na mboga kwa watoto wote, pamoja na chakula chao cha mchana. Bi Kidawa alikubali kukata matango kwa sharti kwamba asiitwe mkata matango. Choroko zipikwe.

Bi Sumaiya alitaka Sami apelekwe kupimwa damu Jumatatu. Iliamuliwa apelekwe na mama na bibi kwa pamoja. Katibu aliuliza kama ni lazima kwa pamoja. Bi Hind alisema ni lazima.

Katibu alitoa hoja kwamba mtu yeyote, mwalimu, jirani au mzee wa mtoto, asimpe mtoto chakula kwa siri ya mama yake wala asimfunze kuficha. Mwenye neno amwendee mama mwenyewe, hata kama ngazi ni ndefu. Hoja ilipita. Bi Hind alikuwa wa mwisho kuinua mkono, lakini aliuinua.

Bw. Hamed atoe maelezo kwa maandishi, yasipungue ukurasa mmoja, ataje idadi ya mishikaki.

KUMB. NA. 8/11/2024: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alikuwa ameshainua mikono kwa ajili ya dua pale Bi Hind alipomuuliza Bi Kidawa kama jikoni kuna uji. Bi Kidawa alisema upo, aliupika kwa ajili ya wajumbe, na haukuungua. Aliuleta katika bakuli. Bi Hind aliuonja mwenyewe, akasema sukari imezidi. Bi Kidawa hakubisha. Bi Hind akachota kijiko, akakipuliza, akakipeleka kwa mwanawe.

Sami hakufungua mdomo. Alimtazama bibi yake, kama alivyofunzwa. Katibu aligeuza uso akatazama ukutani, penye picha za herufi, akabaki hivyo. Mtoto alipokosa macho ya bibi, alitazama ya mama yake. Akafungua mdomo.

Dua ilisomwa bakuli lilipokuwa tupu, na kikao kilifungwa saa sita kasorobo. Bakuli la pili halikuhusu kikao.

……………………………
Mzee Machano
MWENYEKITI

……………………………
Bi Shariffa Sleiman
KATIBU

Nimezisoma kabla hazijatiwa saini, kwa ombi la Katibu. Hakuna kilichofichwa.
……………………………
Hind, mama yake Sami